Si Unasoma Umeme?

Likizo iliyopita nimefika nyumbani Manyovu, begi bado liko mgongoni, mama ananivuta mpaka kwenye kabati la vyombo. Juu yake, chini ya kile kitambaa cha kufuma kinachofunikia redio, kulikuwa na kitu cheusi cha duara, kama sufuria iliyowekwa mfuniko.

"Mama yako mdogo katuma. Kinafagia chenyewe. Ila hakiwaki. Nimewaambia watu, subirini mwanangu aje, yeye si anasoma umeme?"

Wenzangu wa uhandisi mnajua hilo swali. Ukisoma umeme, nyumbani wewe ndiye fundi wa pasi, redio, king'amuzi na sasa roboti.

Mama mdogo yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Waajiri wake waliponunua roboti mpya, ile ya zamani wakampa. Angeweza kuiuza hukohuko. Badala yake akakumbuka mgongo wa dada yake, anayeinama na fagio kila alfajiri kwa sababu vumbi letu jekundu halina likizo. Akaifunga kwenye boksi, ikakaa miezi ikisubiri nafasi kwenye kontena, ikaja kwa meli hadi Dar, kisha basi hadi Kasulu, ndipo ikapanda huku mpakani na Burundi. Mashine hizi si ngeni duniani. Roomba ya Marekani ilianza kuuzwa mwaka 2002, mimi bado nabebwa mgongoni. Lakini kwa mtaa wetu hii ilikuwa ya kwanza, na watoto wa jirani walishajipanga mlangoni.

Nikaanza na yale rahisi. Umeme upo, yale mambo ya kutegemea majenereta ya dizeli yalipungua gridi ya taifa ilipofika Kibondo na Kasulu mwaka 2022. Plagi ya Oman ina pini tatu bapa kama zetu, na adapta imeandikwa volti 100 mpaka 240. Kituo cha kuchajia kinawaka taa. Nikafuta kwa spiriti vile vibati viwili vilivyo chini ya roboti, maana vikishika uchafu chaji haipiti. Nikaiweka. Kimya. Ubavuni nikaona swichi ndogo, ilikuwa imeshawashwa. Nikazima, nikawasha tena, nikabonyeza kitufe cha juu sekunde kumi, ishirini. Kimya. Watoto wakaanza kuondoka mmojammoja.

Sasa aibu nyingine: niko mwaka wa tatu na sina mita ya kupimia umeme. Ikabidi twende na mama kwa fundi simu sokoni.

"Karibu, injinia," akasema fundi, kwa ile sauti.

Tukatoa betri. Imeandikwa volti 14.4, mita ikasoma sifuri. Akafungua plastiki yake. Ndani seli nne za lithiamu, na hakuna iliyofika hata volti moja. Hapo ndipo nikaikumbuka ile swichi. Roboti ilikuwa imewashwa tangu Muscat. Ndani ya boksi ilikuwa imelala tu, lakini hata ikilala inakunywa chaji kidogokidogo, mwezi baada ya mwezi, mpaka betri ikakauka.

"Hii naishtua," fundi akasema. "Naunga na betri ya pikipiki dakika mbili tu, inaamka. Nimeamsha simu ngapi hivi!"

Mama akanitazama. Jamani, nilitaka kusema ndiyo. Lakini seli ya lithiamu ikishuka chini sana na kukaa hivyo muda mrefu, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, ile shaba inajijenga mahali pasipotakiwa, na siku yoyote inaweza kupiga shoti na kuwaka moto. Nikasema hapana. Fundi akacheka: "Hayo ya vitabuni." Mama hakucheka.

"Inaweza kuunguza nyumba?"

"Inaweza, mama."

"Basi funga."

Njiani hakusema neno. Ada yangu imetoka kwenye kahawa ya shamba letu, debe kwa debe, na siku ya kwanza ninayoombwa kazi nimejibu haiwezekani. Nilitembea nyuma yake nimebeba ile roboti kama mtoto aliyerudishwa shule.

Usiku mama mdogo akapiga video. "Dada, kinafagia?"

"Kinafagia, mdogo wangu. Nyumba inang'aa mpaka naogopa kukanyaga."

Sakafu kweli ilikuwa inang'aa, alikuwa ameifagia mwenyewe saa kumi na moja alfajiri. Mimi nikanyamaza. Ningesema betri imekufa, ningeulizwa kwa nini, na jibu ni swichi ambayo yeye mwenyewe aliisahau.

Sasa nimerudi chuoni. Namba ya betri nimeiandika nyuma ya daftari, na Jumamosi nitazunguka Kariakoo kuulizia mpya, bumu likitoka. Nilipomwambia mama kwenye simu, akasema ninunue viatu kwanza, halafu hiyo mita, aibu ya sokoni inatosha. Nikamuuliza roboti iko wapi. Iko palepale juu ya kabati, chini ya kitambaa, na mgeni akiuliza, anamwambia kinachaji.