Mfupa Una Wajenzi Wake

Wengi hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Sivyo: mfupa ni hai. Ndani yake wamo wafanyakazi wa namna mbili: hawa hubomoa sehemu zilizochakaa, wale hujenga mpya. Katika ujana kazi hizo hulingana. Lakini mwanamke akiisha kukoma hedhi, wabomoaji huwashinda wajenzi. Mfupa hujaa vitundu, na kuanguka kidogo tu huuvunja. Ugonjwa huo huitwa osteoporosi.

Mama yangu mkubwa aliteleza jikoni, akavunjika mkono. Mganga akampa alendronati, kidonge kimoja kila juma. Baada ya miezi michache akaniuliza: «Mwanangu, siumwi tena. Nimeze dawa ya nini?» Nikamjibu: «Mama, dawa hii si ya maumivu. Yawazuia wabomoaji, ili wajenzi wapate nafasi.»

Na faida yake si ndogo. Kwa wanawake waliokwisha kuvunjika mfupa wa mgongo, dawa hiyo hupunguza hatari ya kuvunjika nyonga kwa karibu nusu. Lakini ina masharti: humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri ya maji matupu, kisha mgonjwa asilale kwa dakika 30, kisije kidonge kikachoma njia ya chakula. Wajenzi nao wahitaji vifaa: ndagala walio na mifupa yao ni chakula chema.

Basi, enyi vijana, mzee asiposikia maumivu, msiseme amepona. Dawa ya mfupa hufanya kazi kimya, kwa miaka. Na aiache kwa neno la mganga tu.