Kamera Yangu na Kaumu za Nyuki

Katika ujana wangu mjini Tanga, nyuki kwangu alikuwa mdudu wa namna moja tu, mwenye asali ya kutamaniwa na mwiba wa kuogopwa, aishiye katika mzinga wa gogo au pango la mbuyu, na azurupo maua ya mlimau kila mtu huisifu kazi yake bila ya kujisumbua kuitazama. Kwamba katika kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yetu, kilichopandwa mrihani, mwaridi, mbaazi na mibiringani, waliishi nyuki wa kaumu mbalimbali, na wengi wao hawakuwa na mzinga, malkia wala asali, ni jambo nililofundishwa na kamera. Nayo ilinifundisha kidogo kidogo, kila chombo kipya kikija na somo lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu madukani, mkanda wa picha 36 ulikuwa tunu, na aliyeutumia kwa wadudu badala ya arusi alidhaniwa kuwa akili yake ina walakini. Lenzi ya kawaida haikubali kusogezwa karibu sana. Kwa hiyo fundi mmoja wa studio alinionyesha hila mashuhuri miongoni mwa watu wa kazi hiyo, nayo ni kutia pete tupu, zisizo na kioo ndani yake, baina ya lenzi na kamera, ili kitu kidogo kionekane kikubwa. Hila hiyo ina ushuru wake. Kadiri pete zinavyozidi ndivyo nuru inavyopungua, na picha ikifikia ukubwa uleule wa mdudu mwenyewe, sehemu iliyo dhahiri haizidi milimita 2 hivi, hata tundu la lenzi likifinywa sana: jicho la nyuki likiwa safi, bawa lake huwa ukungu. Pumzi ya mpigapicha yatosha kuiharibu kazi yote, sembuse upepo wa matlai.

Uhaba wa filamu ulinilazimisha kuwajua nyuki kabla ya kuwapiga picha. Nilitambua kwamba hutulia zaidi alfajiri, misuli yao ikiwa bado haijapata joto la kurukia. Na asubuhi moja, nikichungulia mrihani, niliona juu ya kijiti kikavu nyuki mnene, mwenye manyoya ya hudhurungi kifuani na mistari ya samawati tumboni, amekiuma kijiti kwa taya zake, amekunja miguu, amelala fofofo. Huyu, niliyekuja kujua baadaye kuwa ni wa jamaa ya Amegilla, hana mzinga wa kurejea: jike huchimba tundu lake peke yake ardhini, na dume hulala nje namna ile, ameng’ang’ania kijiti. Picha ilipotoka kusafishwa, niliiona kuwa ni shahada ya kwanza kwamba nyuki wetu si watu wa nyumba moja.

Flashi ilipoingia mikononi mwangu, niliweza kuwatazama wakiwa kazini. Mabawa ya nyuki wa asali hupiga zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na kamera yangu pekee haikuwa na kasi ya kuyanasa. Lakini mmweko mfupi, uliopozwa kwa karatasi nyeupe, uliyasimamisha. Nikapeleka kamera kwenye ua la biringani, ambalo chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye vitundu nchani. Amegilla akatua, akavikumbatia vifuko vile, akatikisa misuli yake ya kurukia hali mabawa yametulia, mvumo ukapanda mara moja, na chavua ikamwagika kifuani pake kama chumvi itokayo katika kichupa cha mezani. Nyuki wa asali, pamoja na sifa zake zote, hawezi mtikiso huo. Kadhalika, majani ya mwaridi yaliyokatwa kwa duara, ambayo mama aliwalaumu panzi kwayo, yalipata mwenyewe: nyuki mkata majani, ambaye hubeba chavua chini ya tumbo wala si miguuni. Naye yule mweusi mkubwa atoboaye boriti za banda, akimwaga unga wa mti sakafuni, nilimkuta mchana kwenye maua ya mbaazi, akiyafungua kwa uzito wa mwili wake.

Kamera za kidijitali ziliondoa gharama ya mkanda, na baada yake ikaja programu ya kuunganisha picha nyingi za mdudu mmoja, kila moja ikiwa dhahiri mahali pake, hata mwili mzima ukaonekana safi. Katika maabara ya mtafiti wa nyuki Sam Droege nchini Marekani, nyuki waliokufa, wakaoshwa na kukaushwa, wamepigwa picha kwa njia hii kwa uzuri usio kifani. Tamaa ya kumtazama nyuki kwa ukaribu namna hii ni ya kale: mwaka 1625, huko Roma, Francesco Stelluti alichapisha michoro ya nyuki waliotazamwa kwa hadubini, miongoni mwa michoro ya kwanza ya namna hiyo kupigwa chapa. Mimi nimebaki na walio hai, nikikubali kwamba spishi nyingi hazitambulikani kwa picha peke yake.

Lakini mageuzi makubwa yamekuwa katika bustani yenyewe. Kipande cha ardhi kilichokuwa kikifagiliwa na kumwagiwa maji sasa kinaachwa kikavu, kwa ajili ya wachimbao; boriti kuukuu haziwi kuni tena; na mrihani hauvunwi wote kabla ya kutoa maua.

Siku hizi mjukuu wangu hupiga kwa simu yake, kwa dakika chache, picha ambazo mimi nilizisubiri kwa majuma. Simwonei kijicho. Zamani wageni walioziona picha zangu waliuliza bei ya kamera, yeye hunifunulia kioo cha simu na kuuliza, “Babu, huyu naye ni nani, na nyumba yake iko wapi?” Nijualo humjibu, nisilolijua twaenda kulitafuta pamoja kwenye mrihani.