Bloku ya Chuma au ya Alumini?

Mwaka 1996, nilipokuwa nikifundisha Sayansi darasa la sita katika shule moja ya msingi mkoani Iringa, niliweka katika mtihani wa muhula swali hili: "Kati ya chuma na alumini, ni metali ipi inayofaa zaidi kutengenezea bloku ya injini? Toa sababu." Jibu nililolitaka lilikuwa tayari katika daftari langu la maandalio: chuma, kwa kuwa chuma ni kigumu na alumini ni laini. Msichana mmoja aliandika, "Hutegemea gari litafanya kazi gani." Nilimpa sifuri. Niliona kuwa analikwepa swali.

Wakati huo mimi na shemeji yangu tulikuwa na Land Rover 109, tuliyoinunua kwa akiba ya nyumba mbili ili ibebe mahindi na mbao. Injini yake ya petroli, yenye silinda nne na bloku ya chuma, ilikuwa imechoka. Ilikula oili na kutoa moshi wa buluu, na siku moja katika kupanda Kitonga ilichemka mara tatu, tukawa tunashuka na ndoo kutafuta maji. Hapakuwa na budi kubadili injini. Fundi wetu alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya silinda nne kama yetu, ya chuma, iliyohitaji kuchongwa silinda. Ya pili ilikuwa ya silinda nane, lita 3.5, iliyotolewa katika Range Rover. Bloku yake na silinda hedi zake vyote vilikuwa vya alumini. Gharama zake, baada ya matengenezo, zilikaribiana. Shemeji aliitaka ile ya silinda nane, na sikumlaumu, maana ilikuwa na nguvu zaidi kwa mbali.

Mimi nikasimama pale gereji nikatoa somo. Nikaeleza kuwa alumini ni laini, kwamba pistoni itaikwangua, na kwamba mzigo wetu ungeipasua. Fundi alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, hebu tia mkono humu." Nikapapasa ndani ya silinda. Ilikuwa chuma. Bloku ile ya alumini ilikuwa imevalishwa silivu za chuma, na pistoni haikuigusa alumini hata kidogo. Zaidi ya hayo, pistoni zenyewe ni za alumini, hata katika injini yetu kuukuu ya chuma. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimefundisha jambo ambalo ningeweza kulisahihisha kwa kutia mkono tundu moja.

Injini ile haikuwa ya majaribio pia. Ilianzia Marekani, ambako Buick waliitumia kuanzia 1961 hadi 1963 ikiwa na uzito wa takribani kilo 145 tu. Rover wa Uingereza walinunua haki ya kuiunda mwaka 1965, wakaitia katika Range Rover mwaka 1970 na katika Land Rover ya mizigo mwaka 1979. Vijana wawili wa gereji waliinyanyua bloku yake tupu bila taabu.

Basi nilikuwa karibu kukubali, na shemeji alikwisha kukubali, fundi alipouliza, "Gari hili litafanya kazi gani? Na maji ya rejeta mtakuwa mnayatoa wapi?"

Nikaikumbuka sifuri yangu.

Maji yetu yalikuwa ya mito na madimbwi. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba unaotokea juu yake inapokutana na hewa, lakini maji yenye chumvi, yasiyotiwa dawa ya kuzuia kutu, huuharibu utando huo, hasa pale alumini inapogusana na chuma. Hapo metali huliwa polepole kwa ndani na mwenye gari haoni kitu. Tena, alumini inapopata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Injini ya alumini ikichemka sana, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na silivu huweza kulegea katika nafasi yake. Chuma nacho huharibika, ila huvumilia zaidi kosa la dereva aliye mbali na mji. Kikichakaa, silinda huchongwa kidogo na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Kupatengeneza palipoliwa katika alumini kulihitaji mchomeleaji hodari, na sisi hatukuwa na mtu wa namna hiyo karibu.

Tulichukua ya chuma. Jibu langu la mtihani, kumbe, lilikuwa sahihi kwa gari letu, lakini sababu zangu zote zilikuwa za uongo. Shemeji alininunia muda mrefu, na kila lori lililotupita Kitonga alinitazama. (Huko Marekani mabishano haya hayajaisha. General Motors waliunda injini ya lita 5.3 ya pikapu kwa bloku za chuma na za alumini, na wabadilishaji wa injini hadi leo hupima uzito wa takribani kilo 40 unaopungua dhidi ya bei na uvumilivu.)

Niliporudi darasani nilimrudishia yule msichana alama zake mbele ya wenzake. Hakufurahi kama nilivyotazamia. Aliuliza kama wale walioandika "alumini ni laini" watanyang'anywa za kwao. Nikasema la, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha hivyo.

Kisha nikatoa mfukoni mwa gunia zana nilizopewa na fundi bure: pistoni kuukuu ya alumini na kipande cha bloku ya chuma iliyopasuka. Tulizamisha kila kimoja katika ndoo iliyojaa maji pomoni na kupima maji yaliyomwagika. Pistoni ilimwaga sentimeta za ujazo 200 na mizani ikasoma gramu 550 hivi. Kipande cha chuma kilimwaga kiasi kilekile, lakini kilikuwa na gramu 1,450. Tukadondosha nta ya mshumaa juu ya vyote viwili na kuviweka katika sinia la maji ya moto. Nta ya juu ya alumini iliyeyuka kwanza, na wanafunzi wakaelewa kwa nini sufuria za nyumbani ni za alumini.

Sikuuliza ipi ni bora. Niliandika ubaoni: "Lori la mbao. Maji ya mto. Fundi mmoja. Chagua, utetee." Walio wengi walichagua chuma, na safari hii hakuna aliyetaja ulaini. Ndipo mvulana wa nyuma, ambaye kwa kawaida alilala, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama ni gari la wagonjwa, linalotakiwa kuwahi, na hospitali ina fundi wake na dawa ya rejeta?" Darasa likagawanyika vipande viwili, na kengele ya mapumziko ilipolia hakuna aliyetoka.