Samaki Hamngoji Mtu: Safari ya Soko la Shiogama, Japani

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Novemba. Nje kulikuwa na giza na baridi kali. Lakini ndani ya jengo moja kubwa taa zote zilikuwa zinawaka. Watu walivaa mabuti ya mpira na aproni ndefu. Huyu anasukuma mkokoteni, yule anamwaga barafu, mwingine anakata samaki mkubwa kama ndama. Hapa ndipo sokoni Shiogama, katika nchi ya Japani.

Ndugu msomaji, twende pamoja tukaone watu wa bandari hii wanavyomtunza samaki.

Mji wa chungu cha chumvi

Shiogama uko kaskazini-mashariki mwa Honshu, kisiwa kikubwa cha Japani. Kutoka Tokyo, mji mkuu, unapanda garimoshi la kasi hadi mji wa Sendai. Umbali wake ni kilomita 350 hivi. Kutoka Sendai unapanda garimoshi jingine, na baada ya nusu saa hivi unaiona bahari.

Jina Shiogama maana yake ni jiko au chungu cha kupikia chumvi. Wazee wa huko husimulia kwamba zamani sana alitokea mzee mmoja akawafundisha watu kupika chumvi kwa maji ya bahari. Mpaka leo mzee huyo anaabudiwa katika hekalu lililo juu ya kilima. Ngazi za mawe za kupanda huko ni 202. Mjini kuna hekalu jingine dogo lenye vyungu vinne vya chuma vya kale. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu hukusanyika hapo. Humwagia mwani maji ya bahari, kisha huyachemsha mpaka chumvi ibaki.

Bandari hii ni ya zamani. Mwaka 724 serikali ya Japani ilijenga ngome mahali paitwapo Tagajo, karibu na hapo. Shiogama ikawa bandari ya kupokelea mizigo ya ngome hiyo.

Kwa nini samaki ni wengi? Mbele ya pwani hiyo mikondo miwili ya bahari hukutana. Mmoja huleta maji ya moto kutoka kusini. Mwingine huleta maji ya baridi kutoka kaskazini. Mikondo hiyo inapokutana, chakula cha samaki huwa kingi.

Kazi huanza baharini

Samaki anayeupa mji huu sifa ni jodari. Kuanzia Septemba hadi Desemba huletwa jodari wa macho makubwa. Samaki mmoja anaweza kuzidi kilo 40. Jodari hao hawagandishwi. Huwekwa ndani ya barafu tu na kuuzwa wakiwa wabichi kabisa. Kwa hiyo mvuvi hana muda wa kupoteza.

Jodari akitolewa majini, mvuvi humwua mara moja. Hamwachi atapetape. Samaki anayetapatapa hupata joto mwilini na nyama yake huharibika. Kisha humtoa damu, mashavu na matumbo, maana hivyo ndivyo vinavyooza kwanza. Humsafisha kwa maji na kumlaza kwenye barafu. Kazi yote hii hufanyika chomboni, kabla pwani haijaonekana.

Bandarini kuna mnada. Wanunuzi hupita kati ya samaki kimya kimya. Mmoja huinama akatazama mahali mkia ulipokatwa. Humulika kwa tochi. Huangalia rangi ya nyama na wingi wa mafuta. Samaki wawili wa uzito mmoja wanaweza kuuzwa kwa bei mbalimbali kabisa. Aliyetunzwa vizuri hulipwa vizuri. Aliyeachwa juani au kutupwa ovyo hujulikana.

“Usiguse, mkono una joto”

Kutoka mnadani samaki hufika kwenye soko nililoingia alfajiri ile. Ndani yake mna mabanda mengi yaliyopangwa kwa safu. Wenye mikahawa hununua hapo, na mtu yeyote wa kawaida anaruhusiwa pia. Nilikuta pweza, ngisi, kaa, chaza wa majini, mayai ya samaki na mwani wa kula. Sakafu ilikuwa imeoshwa. Harufu ilikuwa ya bahari, si ya uvundo.

Nilisimama mbele ya bibi mmoja aliyekuwa anauza jodari. Nilinyosha kidole nibonyeze nyama, kama tufanyavyo kwetu. Bibi akasema neno kwa upole. Mwenyeji wangu akanitafsiria: “Anasema usiguse, mkono una joto.”

Niliona haya. Lakini nilijifunza jambo. Kwa bibi yule, hata joto la kidole ni adui wa samaki.

Nilimwomba anipunguzie bei. Hakupunguza. Alikata kipande cha pweza akakiweka juu ya samaki wangu, akacheka. Wajapani nao wanajua nyongeza! Wao huiita omake.

Pembeni ya soko unaweza kununua bakuli la wali na supu. Unaweka samaki wako juu ya wali na kula hapo hapo. Samaki huyo huliwa mbichi. Nilisita kidogo, kisha nikala. Alikuwa laini, tena mtamu. Lakini tusidanganyike. Si kila samaki anafaa kuliwa mbichi. Huyu alitunzwa kwa ajili hiyo tangu alipotolewa majini. Samaki usiyejua alikotoka, mpike aive.

Samaki wa bei ndogo nao hawatupwi. Nyama yao husagwa, hutiwa chumvi, huumbwa na kupikwa kwa mvuke au kuchomwa. Chakula hicho huitwa kamaboko, na Shiogama ina sifa kubwa ya kukitengeneza. Kwa njia hiyo samaki ambaye angeuzwa kwa bei ya chini huongezwa thamani, na watu wa mjini hupata kazi.

Siku bahari ilipopanda

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitetemeka kwa nguvu. Halafu bahari ikapanda nchi kavu. Mawimbi ya namna hiyo huitwa tsunami. Neno hilo ni la Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini. Sisi wa Afrika Mashariki tulilijua sana Desemba 2004, mawimbi ya namna hiyo yalipofika mpaka pwani yetu na kuua watu.

Katika Japani watu zaidi ya 18,000 walikufa au walipotea. Shiogama nayo iliingiliwa na maji, na vyombo vilitupwa gatini. Lakini mbele ya mji kuna ghuba ya Matsushima yenye visiwa vidogo zaidi ya 200. Visiwa hivyo vilipunguza nguvu ya mawimbi. Miji mingine ya pwani hiyo iliumia zaidi sana.

Watu hawakukimbia bahari yao. Soko la mnada bandarini lilijengwa upya, na kazi ikamalizika mwaka 2017.

Samaki wanapungua

Hata hivyo, Wajapani wana wasiwasi. Mwaka 1984 nchi yao ilivua karibu tani milioni 13 za samaki. Miaka ya karibuni kiasi hicho kimeshuka chini ya tani milioni 4. Sababu ni nyingi. Kuanzia miaka ya 1970, nchi nyingi zilijiwekea mpaka wa maili 200 baharini, na meli za Japani zikazuiwa. Aina nyingine za samaki zilivuliwa kupita kiasi. Maji ya bahari yanaongezeka joto. Wavuvi wamezeeka, na vijana wengi hawataki kazi hiyo.

Ndiyo maana yule bibi hakutaka kidole changu kiguse nyama yake. Samaki wakiwa wachache, kila mmoja anayeharibika ni hasara kubwa.

Kwetu pia samaki wengi huoza kabla ya kufika jikoni. Mvuvi anakesha majini, kisha jua la saa mbili tu linamla faida yake. Si kila kijiji kina mtambo wa barafu. Lakini kivuli tunacho. Maji safi ya kuoshea, kisu kikali na chombo kisafi tunaweza kuwa navyo. Kutoa matumbo mapema hakuhitaji fedha.

Nilipotoka sokoni ilikuwa mchana. Mabanda yalikuwa yanafungwa. Yule bibi alikuwa ameinama, anasugua ubao wake kwa brashi na maji. Samaki wake wote walikuwa wamekwisha, naye alikuwa anajiandaa kwa samaki wa kesho.