Riwaya Moja Kila Wiki: Maisha ya Kazi ya Corín Tellado

Mwaka 1994 kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtaja Corín Tellado kuwa mwandishi aliyeuza vitabu vingi kuliko wote kwa lugha ya Kihispania: nakala milioni 400. Riwaya zake za mapenzi zinakadiriwa kupita 4,000. Ya kwanza ilichapishwa akiwa na miaka 19, na alikuwa bado kazini alipofariki akiwa na miaka 81. Miaka hiyo yote alijilisha na kuwalisha wanawe kwa kuandika, katika nchi ambayo kwa sehemu kubwa ya maisha yake mke hakuweza kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe.

Jina lake la ubatizo ni María del Socorro Tellado López. Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1927 huko Viavélez, kijiji cha wavuvi mkoani Asturias, kwenye pwani ya kaskazini ya Hispania. Baba yake alikuwa fundi mitambo katika meli za biashara, na mama yake alikuwa mama wa nyumbani. Nyumbani walimwita Socorrín, yaani Socorro mdogo, kisha wakalikata jina hilo likabaki Corín. Alisomeshwa na masista. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipokuwa vikielekea ukingoni, baba alipandishwa cheo na familia ikahamia Cádiz, mji wa bandari kusini kabisa mwa nchi. Huko msichana alianza kumeza vitabu. Alisoma Dumas, alisoma Balzac, na baada ya muda naye akaanza kuandika vya kwake.

Mwaka 1945 baba alifariki, na mshahara wa meli ukaisha naye. Nchi nzima ilikuwa katika kipindi ambacho Wahispania wanakikumbuka kama miaka ya njaa: mkate, mafuta na sukari vilipatikana kwa kadi ya mgawo, na kadi hizo hazikuondolewa hadi mwaka 1952. Katika hali hiyo Corín alikuwa na mswada mkononi. Kampuni ya Bruguera ya Barcelona iliukubali, ikamlipa peseta 3,000, na tarehe 12 Oktoba 1946 riwaya yake ya kwanza, Atrevida apuesta, ikatoka. Kwa nyumba iliyofiwa na mtafutaji wake, hizo zilikuwa fedha za maana. Mchapishaji akaagiza nyingine, kisha nyingine tena. Punde akawa chini ya mkataba wa kuleta riwaya fupi moja kila wiki.

Vitabu hivyo vilikuwa bidhaa ya aina yake. Vilikuwa vidogo vya kutosha kuingia mfukoni, vyenye kurasa mia hivi za karatasi hafifu, na jalada lenye picha ya rangi ya msichana mrembo. Watu waliviita riwaya za duro, kwa kuwa bei yake iliyozoeleka ilikuwa duro moja, yaani sarafu ya peseta tano. Havikuhitaji duka la vitabu. Viliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, vikiwa vimepangwa kando ya pipi na sigara.

Kuuzwa kulikuwa mwanzo tu. Msomaji aliyemaliza kitabu alikirudisha kibandani, akaongeza senti kidogo, akaondoka na kingine ambacho mtu mwingine alikuwa amekwisha kukisoma. Nakala moja ilipita mikono mingi mpaka jalada likachanika na kurasa zikalegea. Nyumba moja mara nyingi ilikuwa na wateja wa aina mbili: mume alichukua hadithi za wachunga ng'ombe wa Marekani zilizoandikwa na Marcial Lafuente Estefanía, ambaye naye alikuwa mwandishi wa Bruguera, na mke alichukua za Corín Tellado. Kwa hiyo ile hesabu ya milioni 400 ni ya nakala zilizonunuliwa. Macho yaliyozisoma ni mengi zaidi.

Ili kulisha soko hilo ilibidi mwandishi awe na nidhamu ya fundi. Corín alikaa mbele ya mashine ya chapa tangu alfajiri na kuandika siku hadi siku. Hakutumia kurasa nyingi kueleza mandhari. Sentensi zake ni fupi, mazungumzo ni mengi, na tatizo la wapenzi linaanza mapema ili msomaji asipate nafasi ya kukiweka kitabu chini. Mwanamume na mwanamke wanakutana, kuna kinachowatenganisha (cheo, fedha, siri ya zamani, kiburi), na mwisho wake hujulikana tangu mwanzo. Wasomaji walikuja kutafuta namna ya kufika huko, na kila wiki alilazimika kuwapa njia mpya.

Kilichomtofautisha na waliomtangulia ni wakati wa hadithi zake. Riwaya nyingi za mapenzi zilizosomwa kabla yake zilikaa katika majumba ya makabaila na karne zilizopita. Yeye aliwaweka wahusika wake katika leo ya msomaji. Wasichana wake wanaendesha magari, wanafanya kazi ofisini, wanavuta sigara, wanasafiri, wanabishana na wanaume. Matajiri ni wengi humo, na msichana wa kazi za ndani aliyezisoma riwaya hizo usiku hakuwa na gari wala ofisi. Lakini alionyeshwa mwanamke wa umri wake, wa zama zake, mwenye kauli yake, na picha kama hiyo haikupatikana kwa urahisi katika Hispania ya Jenerali Franco, dikteta aliyeitawala nchi wakati huo.

Serikali ya Franco nayo ilizisoma riwaya hizo, tena kabla ya mtu mwingine yeyote. Chini ya sheria ya mwaka 1938, kila mswada ulipitia kwa wakaguzi wa serikali kabla ya kwenda kiwandani. Walichunguza maadili, dini na siasa. Utaratibu huo ulilegezwa kwa sheria mpya ya mwaka 1966, lakini kufikia hapo Corín alikuwa amekwisha kuandika chini yake kwa miaka ishirini. Ipo miswada yake iliyokataliwa na kurudishwa, na mingine ilirudi imepigwa mistari ukurasa baada ya ukurasa, karibu kila aya ikiwa na kosa lake. Mwandishi anayedaiwa kitabu kila wiki hana muda wa kulalamika. Inabidi aandike upya, na aandike kwa namna ambayo mkaguzi hatakuwa na pa kuweka kalamu.

Hapo ndipo ustadi wake ulipojengeka. Busu refu likikatazwa, mkono unachelewa kidogo kuachia mkono mwingine. Chumba cha kulala kikikatazwa, sentensi inakatika mlangoni na sura inayofuata inaanza asubuhi. Hakuna neno moja chafu ambalo mkaguzi angeweza kulinyooshea kidole, na hakuna msomaji mzima asiyejua kilichotokea. Baadaye Corín mwenyewe alisema kwamba ukaguzi ndio uliomfundisha kudokeza. Ni maneno ya mtu aliyeonewa na akaugeuza uonevu huo kuwa mtaji wa kazi yake.

Sifa zake zilivuka bahari mapema. Mwaka 1951 jarida la wanawake la Vanidades, lililokuwa likitoka Havana nchini Kuba, lilianza kuchapisha riwaya zake. Mauzo ya jarida yalipanda kutoka nakala 16,000 hadi 68,000. Miongoni mwa waliosahihisha prufu zake katika jarida hilo alikuwemo kijana Guillermo Cabrera Infante, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Amerika ya Kusini na Karibiani. Kazi hiyo ilimlazimu kusoma kila mstari kwa makini, na aliyaona yaliyokuwa chini ya mistari hiyo. Alipokuja kuandika juu ya Corín alimsifu kwa mzaha wa kirafiki, akiunganisha neno la kutokuwa na hatia na neno la ponografia. Kupitia majarida na vitabu vya picha, hadithi za binti wa Viavélez zilisomwa kutoka Meksiko hadi Ajentina.

Maisha yake mwenyewe hayakufuata mkondo wa riwaya zake. Alifunga ndoa mwaka 1959, akapata watoto wawili, na baada ya miaka michache wakatengana. Kutengana tu ndiko kulikowezekana. Franco alikuwa ameifuta sheria ya talaka ya mwaka 1932, na talaka haikurudi Hispania hadi mwaka 1981. Mpaka mwaka 1975 mke alihitaji ruhusa ya mume hata kutia saini mkataba. Corín aliishi Gijón, mji mkubwa wa bandari mkoani kwao, akawalea wanawe kwa mapato ya mashine yake ya chapa. Haishangazi kwamba katika riwaya zake kadhaa harusi inafanyika mapema, na hadithi yenyewe ni ya yale yanayofuata: mume asiyezungumza, mke anayejiuliza ameolewa na nani, kitanda kimoja chenye watu wawili wageni.

Franco alifariki Novemba 1975 na nchi ikafunguka. Ghafla kila kitu kiliweza kuandikwa. Corín alijaribu riwaya za ashiki zisizofichwa, akitumia jina la Ada Miller. Hata hivyo jina lake na heshima yake vilibaki katika zile nyingine, zenye mlango uliofungwa.

Wahakiki hawakumpa nafasi kubwa. Waliomsoma kwa jicho la kisiasa walisema riwaya zake ziliwafundisha wanawake kumsubiri mume na kusahau nchi inavyotawaliwa. Hoja hiyo ina uzito: ndani ya maelfu ya kurasa zake hakuna migomo, hakuna wafungwa wa kisiasa, na dikteta hatajwi. Lakini anayetoa hukumu hiyo hana budi pia kuitazama meza aliyoandikia, mkaguzi aliyekuwa upande mmoja na watoto wawili upande wa pili, kisha azitazame zile hadithi za wake wasio na furaha na kujiuliza ni nani mwingine aliyekuwa akiyafikisha mambo hayo mikononi mwa wapishi, washonaji na wauza maduka kila wiki.

Mwandishi wa Peru, Mario Vargas Llosa, alilielewa hilo. Mwaka 1981, alipokuwa akiendesha kipindi cha televisheni kilichoitwa La torre de Babel, alimfuata Corín na kufanya naye mahojiano kwa heshima ile ile aliyowapa waandishi wengine. Alishikilia kwamba Corín huenda ni tukio kubwa zaidi la kijamii na kitamaduni kuikumba lugha ya Kihispania tangu karne za dhahabu za fasihi yake. Hakudai kwamba alikuwa Cervantes. Alisema kwamba watu ambao hawakuwahi kushika kitabu kingine walimsoma, na kwamba jambo hilo lazima liingie katika historia ya kusoma.

Katika miaka ya 1990 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alilazimika kwenda hospitali mara kwa mara kusafishwa damu kwa mashine, na kukaa saa nyingi kwenye taipureta kukamshinda. Akabadilisha njia: alisimulia riwaya kwa mdomo, na mkamwana wake akaziandika. Mwaka 1998 serikali ya Hispania ilimpa Nishani ya Dhahabu ya Ustahili wa Kazi. Nishani hiyo hutolewa kwa watu wa kila fani, na ilimfaa kuliko tuzo nyingi za fasihi, kwa sababu iliutambua mchango wake kwa jina lake halisi: kazi, iliyofanywa kwa miongo mingi na kufikishwa kwa wakati.

Alifariki nyumbani Gijón tarehe 11 Aprili 2009, majuma mawili kabla ya kutimiza miaka 82. Siku chache tu kabla ya hapo alikuwa bado akimsimulia mkamwana wake riwaya ya mwisho. Nyingi za riwaya zake sasa zinauzwa kama vitabu vya kielektroniki, na watafiti wa vyuo vikuu wanazipitia wakitafuta namna wanawake wa Hispania walivyofikiria mapenzi, fedha na ndoa chini ya udikteta. Mwenye kuifanya kazi hiyo hana budi kusoma kwa uvumilivu: maelfu ya vitabu vidogo, kimoja baada ya kingine, kama vilivyotoka vibandani.