SHIZUOKA: Huko mababu wanacheza na vigari, na wala hawaoni haya!

Msomaji wangu, mwambie mama yako kwamba kuna mzee mwenye mvi, ana mke na wajukuu, na anakaa mezani miezi minne akiunganisha kigari cha plastiki. Atakujibu neno moja tu: kalogwa. Basi wiki hii nakupeleka kwenye mji ambao waliologwa namna hiyo wamejaa tele, na uchawi wenyewe umejenga viwanda, umelipa mishahara na umesomesha watoto.

Mji unaitwa Shizuoka, uko Japani, kati ya Tokyo na Nagoya, ukingoni mwa ghuba ya Suruga. Kutoka Tokyo ni kama saa moja hivi kwa treni ya mwendo kasi, Shinkansen. Lakini angalia bwana, si kila treni inasimama pale. Panda Hikari inayosimama Shizuoka, au Kodama ambayo yenyewe inasimama kila stesheni kama daladala. Ukijitia una haraka ukapanda Nozomi, mji utauona dirishani tu unakupita, na utakuja kushukia Nagoya. Na ukiweza kuchagua kiti chukua cha dirishani upande wa kulia, maana Mlima Fuji unatokea upande huo. Siku ya mawingu hauonekani hata kwa dawa.

Ukishuka tu, mji wenyewe unakuambia unaishi kwa nini. Unajua zile fremu za plastiki ambazo vipande vya kuunganisha vinakuja vimeshikiliwa humo, unavikata kimoja kimoja? Halmashauri ya mji iliamua mwaka 2021 kuzisimamisha barabarani zikiwa kubwa kuliko mtu. Kuna sanduku la posta lililotandazwa vipande vipande ndani ya fremu, na kuna kibanda cha simu cha mtindo huo huo, na vyote vinafanya kazi! Unatumbukiza barua yako ndani ya kiungo ambacho kama vile hakijakatwa bado. Mi nakwambia, ni kituko cha aina yake.

Usidhani mambo haya yameanza jana. Bwana mkubwa Tokugawa Ieyasu, aliyeitawala Japani, alikuja kuishi hapa uzeeni, enzi hizo mji ukiitwa Sunpu, na hapa ndipo alipofia mwaka 1616. Baadaye mjukuu wake aliita mafundi wa mbao na wa rangi kutoka pande mbalimbali kuja kujenga upya hekalu la Sengen. Kazi ilipokwisha wengi hawakurudi kwao. Hali ya hewa nzuri, mbao zipo milimani, warudi kufanya nini? Wakabaki wakichonga makabati, masanduku na vidoli. Kwa hiyo vidole vya watu wa mji huu vina miaka karibu mia nne vikijifunza mambo madogo madogo.

Mwaka 1945 ndege za Marekani ziliuteketeza mji kwa mabomu ya moto. Mwaka uliofuata mzee mmoja, Yoshio Tamiya, akafungua biashara ya kupasua mbao. Mji umeungua, watu wanataka kujenga, mbao zinatakiwa. Pembeni wakaanza kutengeneza vimodeli vya mbao. Mwaka 1951 moto ukala mali yao. Hapo ndipo ilipobidi kuchagua: mtaji wa kurudi kwenye mbao kubwa haupo, vimodeli vinaingiza kidogo kidogo. Wakaviachia mbao za kujengea mwaka 1953, wakabaki na vitu vya kuchezea.

Kama hiyo haitoshi, mwisho wa miaka ya 50 plastiki ikaingia kutoka Marekani ikaua soko la mbao. Tamiya wakatoa modeli yao ya kwanza ya plastiki mwaka 1960, manowari ya Yamato. Mshindani naye akaishusha Yamato yake kwa bei ya chini. Kilio! Kampuni ikayumba vibaya. Kilichowainua ni kifaru cha Kijerumani, Panther, mwaka 1961, kikiwa na mota ndani na picha juu ya boksi iliyochorwa na fundi Shigeru Komatsuzaki, picha ambayo mtoto akiiona dukani haondoki. Ukubwa wa kifaru kile, moja kwa thelathini na tano, ulitokana na hesabu za kutoshea mota na betri. Leo dunia nzima inatengeneza vifaru kwa kipimo hicho, wala wengi hawajui kisa ni betri.

Sasa tuje kwenye magari, ndiyo hasa yaliyonileta.

Mwaka 1967 walitoa gari la mashindano la Honda F-1 kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Yaani kila sentimita 12 za gari halisi, kwako ni sentimita moja. Kwa modeli ya kuunganisha, huo ni ukubwa wa kutisha. Baada ya hapo ikawa ni mfululizo: Lotus, Ferrari, hadi lile Tyrrell la magurudumu sita. Lakini hadithi ninayoipenda mimi ni ya Porsche.

Katikati ya miaka ya 70 mtoto wa mzee Tamiya, Shunsaku, alitaka kutoa Porsche 934 Turbo. Akaenda hadi kiwandani Ujerumani kupiga picha. Akarudi, wakaanza kuchora, wakakwama. Porsche injini iko nyuma, imesongamana chini ya boneti kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, na picha haikuonyeshi kilicho nyuma ya kilichoko mbele. Jamaa akafanya nini? Akanunua Porsche 911 nzima, gari la kutembea barabarani, akalifungua! Kila kitu chini. Wakapima, wakachora, wakapiga picha. Ilipofika kulirudisha, likawagomea, ikabidi waitwe mafundi wa Porsche waje kulifunga. Modeli ikatoka mwaka 1976. Gharama za zile kalibu zilikuwa kubwa mno, ndipo wakapata wazo la kuliwekea bodi lile lile mota na kuliendesha kwa redio, ili fedha irudi. Hivyo ndivyo Tamiya walivyoingia kwenye magari ya redio, ambayo baadaye yalikuja kuwatangaza kuliko hata hizo modeli. Na hilo 911 la watu lipo, limewekwa kwenye ukumbi wa makao makuu pale Shizuoka. Shunsaku mwenyewe alifariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 90.

Labda unauliza, kazi yenyewe inakuwaje? Ngoja nikupe mfano wa gari ambalo wewe na mimi tunalijua: Datsun 240Z. Tamiya wana toleo lake la moja kwa kumi na mbili, la 240ZG, lile la pua ndefu lililouzwa Japani. Gari halisi lina urefu wa mita 4.3. Gawa kwa 12 upate sentimita 36, zaidi kidogo ya rula yako ya shule.

Hesabu hiyo ndiyo inayotoa watu jasho. Ukikosea milimita moja, kwenye gari kamili umekosea sentimita moja na ushee, yaani umetoka kwenye ajali. Hata rangi ina unene wake. Ukipuliza mara nyingi bila mpango, mistari ya milango inajaa na gari linaonekana limechovywa kwenye uji.

Kwanza unakata vipande kwa plaizi ndogo kali, na hukati kwenye ungo wa kipande chenyewe, unaacha kidogo halafu unamalizia kwa kisu na msasa. Gundi ya plastiki si kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki na kuifanya kitu kimoja, kwa hiyo alama ya kidole chako ikigusa penye gundi mbichi itabaki hapo milele. Vioo navyo usivitie gundi ile kali ya kukausha papo hapo, vitaingia ukungu kama macho ya mzee. Vipande vya kromu ambavyo hukuvipenda unavilaza kwenye jiki, kromu inavuka yote, unaanza upya.

Rangi ndiyo kasheshe. Fundi rangi wa gereji yeyote ataelewa: msasa, rangi ya kwanza ya kushikia, msasa tena laini zaidi, rangi yenyewe nyepesi mara kadhaa, halafu klia, halafu unang'arisha. Wengine huliweka kopo la kupulizia kwenye maji ya uvuguvugu kwanza ili rangi itoke laini. Wengine hupakia rangi bafuni baada ya kumwagia maji, maana vumbi linakaa chini. Na siku ya mvua huthubutu, unyevu unaifanya rangi iwe nyeupe nyeupe kama majivu. Shizuoka wana mvua zao za Juni na Julai, kipindi hicho watu wanashughulika na injini.

Injini bwana! Ya 240Z ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili. Kwenye modeli unaikuta imo, lakini nyaya za plagi mara nyingi unajitafutia mwenyewe. Nyaya sita kutoka kwenye distribyuta na ya saba ya koili. Sasa mwenye wazimu kamili, na ndio hao ninaowasema, hachomeki popote tu. Anafuata mpango wa kuwaka: 1-5-3-6-2-4. Injini haitawaka kamwe! Ni plastiki! Boneti likifungwa hakuna atakayeona. Lakini siku fundi wa Datsun atakapolifungua boneti hilo na kufuata waya kwa kidole, atakaa kimya, na kimya hicho ndicho mwenye modeli alichokisubiri miezi minne.

Kuna waliozidi. Kule Torino, Italia, kampuni ya Pocher ilikuwa ikitoa magari ya kizamani kwa kipimo cha moja kwa nane, na Rolls-Royce yao ilikuwa na vipande zaidi ya 2,000. Ukianza ile, mweleze mchumba wako mapema.

Wakati mzuri wa kwenda Shizuoka ni Mei, kunapokuwa na maonyesho makubwa kwenye ukumbi wa Twin Messe. Yalianza mwaka 1959, enzi za mbao. Siku za mwanzo ni za wenye maduka, mwishoni mwa wiki wanaingia watu wote, na ukumbini vilabu vya waundaji hutandaza meza na kazi zao. Ukikosa Mei, karibu na stesheni kuna Hobby Square, kiingilio bure, viwanda vya mji vinaonyesha mali zao humo. Njaa ikiuma tafuta oden ya kwao, vijiti vya nyama na mayai kwenye supu nyeusi tii, utadhani oili chafu, lakini usiombe ukaionja. Chai yao ya kijani haina sukari wala maziwa, jikaze tu.

Na kama una siku ya ziada, huko huko Japani, mkoani Kanagawa kwenye mji wa Zama, Nissan wamehifadhi gari jekundu lenye boneti jeusi na namba 11 ubavuni. Ndilo 240Z aliloshindia Edgar Herrmann na Hans Schüller mwaka 1971 kwenye Safari Rally, enzi hizo mashindano yakiwa ya Afrika Mashariki nzima. Wa pili mwaka ule alikuwa Shekhar Mehta, naye akiwa na 240Z, na mwaka 1973 akaja kushinda mwenyewe baada ya kulingana pointi na Harry Källström.

Gari lile la Safari halikuwa na ile pua ndefu. Kwa hiyo anayetaka kuliunda lazima atafute pua fupi, aongeze taa, abandike namba. Hayo yote yanawezekana kwa kutazama picha. Tatizo linakuja mwisho, kwenye tope, maana Safari bila tope ni gari la harusi. Wenzetu wanachanganya poda na rangi, wanaipaka chini ya milango na kwenye madirisha kwa brashi chakavu. Ila wengi wanapaka kahawia moja tu, ya udongo wa bustani, kuanzia mbele hadi nyuma. Mtu aliyewahi kupita Voi anajua vumbi la kule lilivyo jekundu, linaingia hadi kwenye soksi. Na aliyewahi kusukuma gari kwenye udongo wa mbuga mwezi wa nne anajua ule ni mweusi, unanata, unajaa ndani ya fenda mpaka tairi linakataa kuzunguka. Gari la 1971 lingetakiwa kuwa na rangi zote mbili, nyekundu ikiwa chini imekauka na nyeusi juu yake, au kinyume, inategemea lilipita wapi kwanza.