Homa Isiyoshuka

Nilipoanza kazi katika maabara ya hospitali moja ya London, mwanzoni mwa miaka ya 1990, benchi la fangasi lilikuwa la wageni kama mimi niliyetoka Tanga. Wakongwe walikuwa na shughuli zao za bakteria. Sampuli zetu nyingi zilitoka wodi ya saratani ya damu: makohozi, damu, na maji yaliyosukumwa mapafuni kwa bomba kisha yakavutwa tena.

Dawa kali za saratani hushusha neutrofili, zile chembe nyeupe zinazotulinda na fangasi, hadi chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu. Mbegu za fangasi aitwaye Aspergillus, ambazo sote tunazivuta kila siku bila kudhurika, hapo hupata mwanya wa kuota ndani ya pafu.

Mara nyingi dalili ilikuwa moja tu, homa. Mgonjwa alipewa antibiotiki, siku nne tano zikapita, homa ikabaki palepale. Eksirei ya kifua haikuonyesha kitu mpaka maji yamefika shingoni. Kukata kinyama cha pafu kulikuwa hatari, kwa sababu chembe za kugandisha damu nazo zilikuwa zimekwisha. Katika chupa za damu, Aspergillus ni nadra sana kuota. Makohozi yakiotesha ukungu wa kijani na kijivu, nani angeapa kwamba umetoka kwa mgonjwa na si hewani?

Basi daktari alibahatisha, akaanzisha dawa ya fangasi, amfoterisini B. Nikipita wodini nilikuta wagonjwa wakitetemeka chini ya mablanketi huku dripu ikiendelea, na haikuchukua muda vipimo vya figo vikaanza kuharibika. Wapo walioteswa na dawa ile bila kuwa na fangasi wowote. Wapo pia waliokuwa nao, na jibu la uhakika likatoka chumba cha maiti: kipande cha pafu kilichotiwa madini ya fedha, na chini ya hadubini nyuzi nyembamba nyeusi zikichipua matawi kwa pembe ya digrii 45.

Badiliko kubwa la kwanza halikutoka kwetu maabara. Mwaka 1997 Denis Caillot na wenzake wa Dijon, Ufaransa, walieleza kwamba kumpiga mgonjwa CT-scan mapema kulipunguza muda wa kugundua ugonjwa kutoka siku 7 hivi hadi 2. Walitafuta uvimbe uliozungukwa na ukungu hafifu, kama mwezi wenye duara. Ukungu ule ni damu inayovuja kandokando, na huanza kufifia ndani ya wiki moja, ukichelewa huukuti.

Kisha kikaja kipimo cha galaktomanani, sukari inayobanduka kwenye ganda la Aspergillus anapokua. Hatukusubiri tena aote, tulimtafuta kwa mabaki yake. Tulipima damu mara mbili kwa wiki, tukikodolea macho vishimo vya sahani ya plastiki kuona kipi kinageuka manjano. Kilitusumbua pia: miaka ile antibiotiki ya piperasilini-tazobaktamu iliweza kukigeuza manjano bila fangasi kuwepo, ikabidi kila jibu tuulize kwanza mgonjwa anatumia dawa gani.

Mwaka 2002 wataalamu wa Ulaya na Marekani walikubaliana kuupanga ugonjwa katika madaraja matatu: uliothibitika, unaoelekea kuwepo, na unaowezekana. Mwaka huohuo utafiti ulionyesha kwamba wagonjwa 71 kwa mia waliopewa vorikonazo, dawa nyingine ya fangasi, walikuwa hai baada ya wiki 12, dhidi ya 58 waliopewa amfoterisini. Kuwahi kugundua kukawa na faida inayoonekana.

Hata hivyo hadubini hatukuitupa. Fangasi wa jamii ya Mucor hatoi galaktomanani, na vorikonazo haimfanyi kitu. Anatambulika kwa nyuzi zake pana zilizojikunja. Anayezijua nyuzi hizo huokoa mtu ambaye mashine imesema hana tatizo.

Juzi kijana wa maabara alinipigia kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mama," akasema, "sampuli ya galaktomanani tunaipeleka nje. Majibu yakirudi, daktari keshaamua."

"Marahaba mwanangu. Basi kwenu bado ni zama zangu."

Thamani ya kipimo hiki ni kurudi mapema, kikimpa daktari ujasiri wa kuanza dawa au kuiacha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka Aspergillus fumigatus katika kundi la juu kabisa la fangasi wa kutiliwa mkazo. Hospitali inayoagiza dawa za saratani ya damu iagize na vifaa vya kutafutia fangasi, katika bajeti ileile, na imfundishe mtu wa kuzitambua zile nyuzi.